Fargo au Barry: uanze na ipi?

Wanaume wawili wameketi hospitalini wakingoja zamu. Mmoja ni Lester Nygaard, wakala wa bima wa mji mdogo wa Bemidji, Minnesota. Pua yake imevunjika, na imevunjika mbele ya mtu aliyemwonea tangu walipokuwa shuleni. Wa pili ni mgeni aliyegonga kulungu kwa gari usiku, jina lake Lorne Malvo. Wanaongea kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, mpaka mgeni anapouliza kama Lester angependa yule mwonevu auawe. Lester anaduwaa. Hasemi ndiyo, wala hasemi hapana.

Sasa hamia Los Angeles. Barry Berkman alipigana Afghanistan akiwa na kikosi cha Marine cha Marekani, na siku hizi anaua watu kwa malipo. Ametumwa kutoka Cleveland kumwua kijana mmoja. Anamfuatilia mpaka kwenye darasa la uigizaji, na kijana huyo, asiyejua anaongea na nani, anamwomba wapande jukwaani wasaidiane kusema maneno ya mchezo. Barry anaigiza vibaya mno. Lakini akishuka pale, hataki tena kurudi kwao.

Hivyo ndivyo zinavyofunguka Fargo na Barry, tamthilia mbili za Kimarekani za uhalifu zilizochanganywa na vichekesho vya giza, vile vya kucheka kisha ukaziba mdomo kwa mkono. Ukiwauliza watu uanze na ipi, wengi watakwambia utazame zote. Jibu hilo halimsaidii mtu mwenye jioni moja. Mimi nimezimaliza zote mbili, na ninachokiona kinazitenganisha kuliko damu au utani ni kalamu: nani ameishika, na ameishika kwa muda gani. Ukilijua hilo, unajua mapema utapewa nini. Nitaigusa na ya tatu, Killing Eve, kwa sababu yenyewe ilipokezanwa kalamu kila msimu, na matokeo yake yanafundisha. Miisho sitaifichua, isipokuwa tukio moja la Barry ambalo nitalisema bila kumtaja anayekufa.

Kalamu ya Fargo

Jina linatokana na filamu ya mwaka 1996 ya ndugu Joel na Ethan Coen, iliyopata Oscar mbili. Mwaka uliofuata kulikuwa na jaribio la kuigeuza filamu hiyo kuwa tamthilia. Ilirekodiwa sehemu moja ya majaribio, Kathy Bates akiongoza na Edie Falco akiwa polisi mjamzito Marge Gunderson, ambaye kwenye filamu aliigizwa na Frances McDormand. Haikununuliwa. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kumrudisha Marge yuleyule kwa sura nyingine, kwa maana mtazamaji angekaa akilinganisha kila neno na kila hatua.

Noah Hawley, ambaye pia ni mwandishi wa riwaya, alipopewa kazi hiyo na kituo cha FX alipita njia nyingine kabisa. Hakumchukua mhusika hata mmoja wa filamu. Alichukua hali ya hewa. Alichukua theluji, upole wa watu wa Minnesota ambao hata wakiwa na hasira huomba radhi kwanza, polisi mwenye akili anayepuuzwa na mkubwa wake, na yule mtu wa kawaida anayefanya kosa moja kisha analifunika kwa kosa kubwa zaidi. Kamba inayoufunga msimu wa kwanza na filamu ni mkoba wa fedha uliofukiwa kwenye theluji kando ya uzio, ambao mtu mwingine anaukuta. Sehemu zote 10 za msimu huo, ulioanza kuonyeshwa Aprili 2014, aliziandika Hawley mwenyewe. Ndugu Coen wametajwa kama watayarishaji wakuu, lakini sauti unayoisikia ni ya Hawley.

Na kila msimu ni kisa kipya, watu wapya, mwaka mwingine. Wa kwanza uko 2006. Wa pili unarudi nyuma hadi 1979. Wa tatu uko mwishoni mwa 2010. Wa nne unakwenda mbali zaidi, Kansas City ya mwaka 1950, na wa tano unaanzia 2019. Jumla ni misimu mitano na sehemu 51. Kila sehemu inafunguliwa na maandishi yanayodai kwamba kisa ni cha kweli na kwamba majina yamebadilishwa kwa ombi la walionusurika. Si kweli. Ni hila waliyoianzisha ndugu Coen kwenye filamu, na Hawley akairithi. Naipenda hila hiyo kwa sababu ya kazi inayofanya: jambo lisiloaminika likitokea, akili yako inakataa kulipinga, kwa kuwa umeshaambiwa lilitokea.

Anachokirudia Hawley katika misimu yote ndicho wahenga walichokisema, kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Msimu wa pili unaanza na mauaji ndani ya mgahawa pembeni mwa barabara. Muuaji anatoka nje akishangaa taa angani, na gari linamgonga. Anayeendesha ni Peggy Blumquist, msusi wa nywele, aliyeigizwa na Kirsten Dunst. Badala ya kusimama, Peggy anaendesha mpaka nyumbani, mtu bado amenasa kwenye kioo cha mbele, anaingiza gari gereji na kumwandalia mumewe chakula cha jioni. Mumewe Ed, anayefanya kazi buchani, anarudi, wanakula, wanaongea mambo ya maisha yao. Nikilitazama tukio hilo hucheka, na kila mara tumbo hunikaza, maana najua kwamba kijana aliyegongwa ni mtoto wa ukoo wa majambazi, na kwamba ukoo huo utamtafuta.

Kalamu ya Barry

Barry ilianzishwa na watu wawili, Bill Hader na Alec Berg, na Hader ndiye anayemwigiza Barry. Hader alikuwa anajulikana kwa vichekesho vya Saturday Night Live, alikokaa tangu 2005 hadi 2013. Amesema hadharani kwamba miaka ile alikuwa akiteswa na wasiwasi mkubwa kila aliporuka hewani. Kazi aliyoiweza ilikuwa inamla. Berg alitoka kwenye uandishi wa vichekesho pia, ukiwemo wa Seinfeld. Hader alipotaja muuaji wa kukodiwa, Berg hakulipenda wazo hilo. Wauaji wa namna hiyo walishajaa kwenye filamu, wamevaa suti nyeusi, hawatingishiki. Kilicholiokoa wazo ni Hader kusema kwamba muuaji huyo angekuwa yeye, na sura hii hii ya mtu wa kawaida asiyejua aweke wapi mikono yake.

Hapo ndipo kisa kilipopata moyo. Barry anakiweza kitu kimoja duniani, kuua, na kitu hicho kinamwoza ndani. Anachokipenda ni uigizaji, na hakiwezi. Tofauti na Fargo, hapa hakuna kisa kipya mwakani. Mtu ni yuleyule, dhambi ni zilezile, na kila sehemu inaongeza juu ya iliyopita. Kila mara Barry anajiambia kwamba huyu ndiye wa mwisho, kuanzia sasa ameacha. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Hader hakuishia kuandika na kuigiza. Aliongoza sehemu tatu za kwanza kabisa, na kufikia msimu wa nne, wa mwisho, aliongoza sehemu zote nane. Unaweza kuona jicho lake likibadilika. Msimu wa kwanza kamera inafanya kazi kama ya tamthilia nzuri ya vichekesho. Msimu wa nne inasimama mbali, inangoja, inaacha mtu aingie na kutoka kwenye picha huku sauti ikitoka upande usiouona. Wapo waliochoshwa na badiliko hilo. Mimi naliheshimu, kwa sababu kisa kilikuwa kimefika mahali ambapo kucheka kama zamani kungekuwa kudanganya.

Muda wako

Hili ni jepesi. Barry ina misimu minne ya sehemu nane nane, 32 kwa jumla, na kila sehemu ni kama nusu saa. Yote ni kama saa 16. Ilionyeshwa HBO, kituo kisicho na matangazo ya biashara, kwa hiyo sehemu inaishia pale waandishi walipotaka iishie. Fargo iliandikwa kwa FX, kituo chenye matangazo, na sehemu ni za kama dakika 50. Misimu yote inazidi saa 40. Lakini usiitishwe na hesabu hiyo. Hakuna anayekulazimisha kuitazama yote. Msimu mmoja wa Fargo ni kama riwaya moja iliyokamilika, na ukiufunga hakuna kinachobaki kinakudai.

Damu na kicheko

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo tamthilia hizi zinapoachana kabisa, na ndipo ladha yako inapoamua.

Katika msimu wa kwanza wa Fargo, sehemu ya saba, Malvo anaingia kwenye jengo la genge moja mjini Fargo akiwa na silaha. Sisi tunabaki nje. Kamera inapanda taratibu kando ya ukuta na madirisha, ikifuata milio ya risasi na vilio kutoka chumba hadi chumba, ghorofa hadi ghorofa, na vioo havituonyeshi kitu. Watu zaidi ya 20 wanakufa humo. Ng'ambo ya barabara wameketi maafisa wawili wa FBI ndani ya gari, kazi yao ni kulipeleleza jengo hilo hilo. Wameigizwa na Keegan-Michael Key na Jordan Peele. Wanapiga soga. Wanapotambua, kila kitu kimekwisha. Hilo ndilo umbo la kicheko cha Fargo: msiba mkubwa uko upande mmoja wa barabara, soga iko upande wa pili, na wewe umewekwa katikati ukiviona vyote. Hawley anakupa umbali. Anapanga picha kama mtu anayepanga bao, na unaipenda akili ya mpangaji hata moyo unapoumia. Msimu wa pili hata skrini anaigawa vipande viwili na vitatu, mtindo uliopendwa miaka ya 1970, uone wawindaji na wawindwao kwa wakati mmoja.

Barry haikupi umbali huo. Mauaji yake ni ya ghafla, mafupi, machafu kidogo, kama ajali. Mtu yuko katikati ya sentensi, na sentensi haimaliziki. Hakuna kinachokuonya. Kicheko kimekaa kabla na baada ya tukio, katika maisha ya kila siku yanayoendelea kama kawaida: darasa lina mazoezi kesho, jambazi ana wasiwasi kama zawadi aliyoituma imempendeza mwenzake.

Tukio ninalolifikiria kila mtu akinitajia aina hii ya tamthilia liko mwishoni mwa msimu wa kwanza. Barry amefanya mauaji ambayo hata yeye hawezi kujieleza, amemwua mtu asiyestahili, mtu aliyemwamini. Usiku huohuo darasa lake linaonyesha vipande vya Shakespeare. Barry amepewa mstari mmoja tu katika Macbeth, wa kumjulisha bwana wake kwamba malkia amekufa. Kwa wiki nzima ameusema kama anayesoma kibao cha barabarani. Anaingia jukwaani, uso umemvunjika, na mstari ule unamtoka ukiwa na uzito wote wa alichokifanya. Ni uigizaji bora wa maisha yake. Mwenzake aliye jukwaani, Sally, anainuliwa na maumivu yale naye anaigiza kuliko alivyowahi. Watu wanashangilia. Mwalimu anafurahi. Na sisi peke yetu tunajua mshangilio ule umelipiwa na nini.

Hakuna mzaha hata mmoja ndani ya dakika zile, na bado ni kilele cha tamthilia ya vichekesho, kwa sababu umbo lake ni la kichekesho: mtu alitaka kitu kwa muda mrefu, amekipata, na namna alivyokipata ni ya kutisha. Ukilitazama tukio hilo ukahisi kwamba umepewa kitu cha thamani, Barry ni yako. Ukihisi umepigwa kofi bila sababu, nenda Fargo, hutajutia.

Kuna upande mwingine wa Barry ambao ni vurugu tupu ya kufurahisha. Sehemu ya tano ya msimu wa pili, iitwayo "ronny/lily", iliongozwa na Hader, na karibu yote ni siku moja mbaya sana. Barry ameenda kwa mtu mmoja kumsihi ahame mji asije akalazimika kumwua. Mtu huyo ni bingwa wa taekwondo. Kisha binti yake mdogo anarudi nyumbani, na binti huyo anapigana kama mnyama wa porini: anauma, anapanda juu ya paa, hasemi neno. Msimu wa tatu una mbio za pikipiki kwenye barabara kuu ya Los Angeles, katika sehemu iitwayo "710N". Karibu kila mahali mbio kama hizo hukatwakatwa picha na kumwagiwa muziki. Hader anaikaza kamera nyuma ya Barry, anatuachia milio ya injini na magari yaliyokwama kwenye foleni, na unayaona yote kwa utulivu unaozidisha hofu.

Nyuso

Kwa waigizaji, Fargo ina faida ya wingi. Billy Bob Thornton na Martin Freeman msimu wa kwanza. Allison Tolman akiwa polisi Molly Solverson, mtulivu, mkaidi, na kwangu mimi ndiye mtu mwema aliyeandikwa vizuri kuliko wote katika misimu mitano. Wauaji wawili wa msimu huo, Numbers na Wrench, wanaongea kwa lugha ya ishara kwa sababu Wrench ni kiziwi, na aliyemwigiza, Russell Harvard, ni kiziwi kweli. Wanagombana kwa mikono hadharani huku kila mtu akijifanya hawaoni. Msimu wa tatu Ewan McGregor anaigiza ndugu wawili, tajiri wa maegesho ya magari na afisa wa kuwasimamia wafungwa waliotolewa, wanaogombea stempu ya posta ya urithi.

Barry ina wachache, lakini unakaa nao miaka. Henry Winkler anaigiza mwalimu Gene Cousineau, mwenye majivuno na huruma kwa kipimo kilekile. Watu walimjua tangu tamthilia ya Happy Days ya miaka ya 1970, na Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya kwanza kwake katika vipindi vya jioni aliipata 2018 kwa nafasi hii. Halafu kuna NoHo Hank, jambazi wa Kichechnya mwenye adabu, mchangamfu, anayetaka kila mtu ajisikie vizuri, aliyeigizwa na Anthony Carrigan. Mpango wa awali ulikuwa afe sehemu ya kwanza kabisa. Waandishi wakaona alivyokuwa, wakamwacha hai, na kwa uamuzi huo tamthilia ikapata nusu ya kicheko chake na, baadaye, moja ya majonzi yake makubwa. Hili linawezekana pale tu ambapo kalamu inabaki kwa watu walewale. Wana nafasi ya kulea walichokiokota njiani.

Aina hii ya tamthilia imewapa kazi hata watoa tuzo. Fargo ilishinda Emmy ya mwaka 2014 katika kundi la tamthilia fupi, na Hader alishinda yake ya 2018 na 2019 katika kundi la vichekesho. Jodie Comer wa Killing Eve alishinda 2019 katika kundi la drama. Zote tatu ni watu wanauawa na sisi tunacheka.

Penye udhaifu

Fargo haiko sawasawa. Msimu wa nne una Chris Rock akiwa Loy Cannon, mkuu wa genge la Wamarekani Weusi, na una wazo zuri mno: magenge mawili yanayohasimiana yanabadilishana watoto wao wa kiume wadogo, kila upande ukimlea mtoto wa mwingine kama dhamana ya amani. Nililipenda wazo hilo, na ndiyo sababu ulinisikitisha. Wahusika ni wengi kupita kiasi, kila mmoja ana hotuba yake, na mtego wa panya unapofyatuka humjui vizuri aliyenaswa. Msimu huo ulirekodiwa Chicago badala ya Calgary ya Kanada, mahali misimu mingine minne ilikopata theluji yake, na kazi ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikarejea miezi baadaye, ikaonyeshwa Septemba. Pengine mkatiko huo uliuumiza. Ila tatizo kubwa naliona kwenye karatasi, kabla ya kamera.

Barry nayo ilikatwa na korona, na ilinufaika. Msimu wa tatu ulikuwa karibu kuanza kurekodiwa. Waandishi walipofungiwa nyumbani wakatumia muda huo kuurekebisha na kuandika wa nne pia, kwa hiyo miwili ile inavutana kama kamba moja. Pengo kati ya mwisho wa msimu wa pili, Mei 2019, na mwanzo wa wa tatu, Aprili 2022, lilikuwa refu kwa waliokuwa wakingoja. Wewe unayeanza sasa halikuhusu. Udhaifu wa Barry ni kwamba inazidi kuwa nzito. Mtu aliyeipenda kwa sababu ya utani wa darasani atafika msimu wa nne akiuliza utani umekwenda wapi.

Killing Eve, 2018 hadi 2022, ina sehemu 32 pia. Inamhusu Eve, afisa wa usalama wa Uingereza aliyeigizwa na Sandra Oh, na muuaji Villanelle, wakiwindana Ulaya nzima mpaka hujui nani anamtaka nani. Msimu wa kwanza, ulioandikwa chini ya Phoebe Waller-Bridge, una makali ya wembe. Sehemu ya kwanza inafunguka Villanelle akila aiskrimu mgahawani Vienna, akijaribu kutabasamiana na mtoto, kisha akipita anamwangushia mtoto huyo bakuli lake. Kila msimu uliofuata ulipewa mwandishi mkuu mpya: Emerald Fennell, Suzanne Heathcote, Laura Neal. Wote wana uwezo. Lakini kila mmoja alianza upya kuuliza wanawake hawa wawili wanatafuta nini, na jibu likawa linabadilika. Mwisho wake uliwaudhi mashabiki wengi. Utazame msimu wa kwanza kama kazi kamili, ufurahi nao, kisha uamue mwenyewe kama unaendelea.

Basi uanze na ipi

Kama una wiki mbili na ushee, jioni zako ni fupi, na unaweza kumpenda mtu huku ukimchukia kwa anayoyafanya, anza na Barry. Itazame kwa mpangilio, usiruke hata sehemu moja, na usizitazame nyingi kwa usiku mmoja. Sehemu mbili zinatosha. Ukifika msimu wa tatu, mtazame Sally, aliyeigizwa na Sarah Goldberg, kwa makini zaidi kuliko Barry.

Kama unapenda kisa kinachofungwa, mji mdogo, polisi mwema anayepigania ukweli na sheria inayochelewa lakini inakuja, anza na Fargo. Wengi watakwambia uanze na msimu wa pili kwa kuwa ni bora, nami nakubali ni bora. Hata hivyo anza na wa kwanza. Humo yumo mzee Lou, baba yake Molly, polisi mstaafu mwenye mgahawa, anayegusia mambo aliyoyaona Sioux Falls mwaka 1979 na kukataa kuyaeleza zaidi. Msimu wa pili ni huyo Lou akiwa kijana, akiigizwa na Patrick Wilson, na ndiyo hayo mambo yenyewe. Ukiyafikia ukiwa tayari umemwona mzee akinyamaza, yanauma mara mbili.

Baada ya hiyo miwili, ruka hadi wa tano. Juno Temple ni Dot Lyon, mama wa nyumbani anayeficha alikotoka, na Jon Hamm ni sherifu wa North Dakota anayedhani sheria ni yeye. Msimu huu unazungumzia wanawake wanaopigwa na waume zao, na hauzungumzii kwa kupita. Kama jambo hilo limekugusa katika maisha, ujue kabla hujaketi. Naona ni ujasiri mkubwa wa Hawley, na Dot anastahili kukaa pamoja na Molly. Wa tatu utazame ukiwa na subira, kwa ajili ya McGregor na ya David Thewlis, ambaye mhusika wake Varga ananitia kichefuchefu kuliko muuaji yeyote wa misimu yote. Wa nne uache mwisho, na ukifika humo, itafute sehemu ya tisa, iliyopigwa karibu yote kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Na kama ni jioni hii tu, saa moja, hujaamua: weka sehemu ya kwanza ya Barry. Nusu saa ikiisha, muda uliobaki unatosha kuingia ya pili, na hapo utakuwa umeshajijibu.